Mafua darasani: tuanze na nini, na mtoto abaki nyumbani mpaka lini?

mwalimu_wa_pili

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa vitendo, mabango ya "nawa mikono" tunayo tayari. Chukueni darasa la watoto 48, umri wa miaka 7 hadi 9, wanakaa watatu kwa dawati moja. Msimu wa mafua ukiingia, mmoja akianza kupiga chafya Jumatatu, kufika Ijumaa safu nzima inavuta kamasi. Wazazi nao kila mmoja na lake: huyu anataka madirisha yafungwe mtoto asipigwe na baridi, yule anampa mwanawe chupa ya kitakasa mikono aweke mfukoni, mwingine anamwanzishia antibiotiki kila kamasi ikigeuka kijani.

Maswali yangu ni haya. Kati ya kunawa, kufungua madirisha, barakoa na kufuta madawati, kipi kitangulie ikiwa muda na sabuni ni vya kuhesabu? Mtoto azuiwe kuja shule kwa dalili zipi, na arudi lini? Kunawa kunapangwaje pasipo na bomba la kutosha? Na dawa za nyumbani, zipi zinasaidia na zipi ziachwe?

muuguzi_wa_watoto

Mwalimu, nianze na swali la pili, maana ndilo linaloharibu mengine yote.

Tuna magonjwa mawili yanayoitwa kwa jina moja. Mafua ya kawaida huja taratibu: koo linawasha, pua inatiririka, chafya, halafu kikohozi. Homa haipo, au ipo kidogo. Virusi vinavyoyaleta ni vingi, rinovirusi pekee wana aina zaidi ya 150, ndiyo maana mtoto anapona leo na baada ya wiki tatu anaanza upya. Mtoto mdogo kuugua mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni jambo la kawaida, na wazazi waambiwe hivyo kabla hawajaanza kununua "dawa za kuongeza kinga".

Influenza ni kitu kingine. Humwangusha mtoto ghafla: asubuhi alikuwa anakimbia, jioni ana nyuzi 39, kichwa kinauma, miguu inauma, kikohozi kikavu, hataki chakula, na wengine hutapika. Tangu aambukizwe mpaka dalili zitokee hupita siku 1 hadi 4, mara nyingi 2. Na anaanza kuambukiza wenzake takribani siku moja kabla hajaonyesha chochote, kisha anaendelea kwa siku 5 hadi 7, watoto wadogo hata zaidi. Kwa hiyo kumrudisha mgonjwa nyumbani ni muhimu lakini hakutoshi, kwani dawati lake limeshapata kabla wewe hujajua.

Abaki nyumbani akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, akitapika, akipumua kwa shida, au akiwa amelegea kiasi cha kushindwa kukaa darasani. Kipimajoto kikiwekwa kwapani husoma chini kidogo, hivyo kwapani hesabu 37.5 kuwa tayari ni homa. Kiganja kwenye paji la uso hakipimi, hasa kiganja cha mtu aliyetoka kushika maji baridi.

Arudi baada ya saa 24 kamili bila homa, na bila dawa ya kushusha homa. Hilo neno la mwisho ndilo linalosahaulika. Mzazi anampa paracetamol saa 12 asubuhi, mtoto anafika shuleni mkavu kabisa, anachangamka. Dawa hiyo hufanya kazi saa 4 hadi 6. Saa 5 asubuhi homa imerudi, na muda wote huo alikuwa amebanana na wenzake wawili. Ukiona mtoto mzima asubuhi, anayezimika ghafla kabla ya mapumziko ya pili, muulize alikunywa nini alipoamka.

Mafua bila homa, kamasi na kikohozi chepesi, aje shule. Pua inaweza kutiririka siku 10 na kikohozi kikabaki wiki 2 au 3 baada ya mtoto kuacha kuwa hatari kubwa kwa wenzake. Ukimzuia kwa ajili ya kikohozi tu, atapoteza nusu ya muhula.

maji_na_usafi

Nachukua swali la kunawa. Hesabu kwanza, Mwalimu. Kunawa vizuri ni sekunde 20 za kusugua, ukiongeza kulowanisha na kusuuza ni kama nusu dakika. Watoto 48 kwenye bomba moja ni dakika 24, na mapumziko yameisha. Hapo ndipo kunawa kunapokufa shuleni, kwa foleni. Watoto wanaujua umuhimu wake vizuri, ila wakiona mstari mrefu wanachovya vidole na kukimbia. Ukiwa na sehemu nne za kunawia, kazi hiyo hiyo ni dakika 6.

Pasipo na bomba, kibuyu chirizi kinatosha. Unahitaji dumu la lita 5, nguzo mbili zenye panda zilizochimbiwa kama sentimita 50 ardhini, zikiachana sentimita 70, na fimbo ya kupita juu yake katikati ya mpini wa dumu. Pasha msumari moto, toboa tundu moja dogo upande wa mbele, chini kidogo ya shingo. Funga kamba shingoni, ishushe hadi kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Mtoto anakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, na mkono haugusi kitu. Ukikadiria mililita 150 kwa mtoto, dumu moja linahudumia kama watoto 30, kisha lijazwe.

Yanayoharibika ni haya. Tundu likiwa kubwa, maji yanaisha kwa watoto kumi. Kifuniko kikikazwa sana, hewa haiingii na maji yanakatakata, kwa hiyo kilegeze kidogo. Chini pasipowekwa kokoto panakuwa tope, na baada ya wiki hakuna mtoto anayetaka kusogea. Sabuni ya mche ikiachwa wazi inalowa na kuyeyuka au inapotea, hivyo itie kwenye soksi au kipande cha neti na kuifunga kwenye fimbo. Wanalowanisha soksi, wanaifikicha, povu linatoka. Na mpangie mtu mzima, si mtoto, jukumu la kujaza maji asubuhi, maana dumu tupu likikaa siku mbili watoto huzoea kulipita.

Nyakati za kulazimisha ni nne: wakifika shuleni, kabla ya kula, baada ya choo, na baada ya kupenga kamasi. Virusi vya influenza vina ganda la mafuta ambalo sabuni hulivunja. Rinovirusi hawana ganda hilo, sabuni haiwaui kirahisi, ila msuguano na maji yanayotiririka huwang'oa na kuwaondoa. Ndiyo sababu kuchovya mikono kwenye beseni moja la pamoja hakufai, hata maji yawe na sabuni. Mtoto wa mwisho ananawa kwa kamasi za wa kwanza.

Kitakasa mikono kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60, kiasi cha kulowesha viganja vyote viwili, na asugue mpaka pakauke penyewe. Akifuta kwenye sare kabla hakijakauka, kazi imepotea. Kwenye mikono yenye vumbi au mafuta hakifanyi kazi vizuri, na dhidi ya virusi visivyo na ganda ni dhaifu kuliko sabuni na maji. Chupa ikae kwa mwalimu. Kinawaka moto, na mtoto mdogo akikimeza kinamlewesha na kumshusha sukari mwilini, kwa hiyo ile chupa ya mfukoni mwambie mzazi aibakize nyumbani.

hewa_kwanza

Mengi yaliyosemwa hapo juu nayaunga mkono, ila mpangilio naupinga kidogo. Kama kweli muda na sabuni ni vya kuhesabu, anza na madirisha. Hayagharimu kitu, hayahitaji foleni, na hayategemei utii wa watoto 48.

Mtoto akikohoa, akiongea, hata akiimba tu, hutoa matone makubwa yanayoanguka karibu naye na chembe ndogo zinazoelea hewani. Chumba kikifungwa, hizo ndogo hurundikana saa baada ya saa. Fungua pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite katikati, maana dirisha la upande mmoja pekee hubadilisha hewa karibu na ukuta huo tu. Siku ya baridi kali au mvua ya upepo, fungua vioo vya juu kwa kipindi chote, halafu wakati wa mapumziko fungua kila kitu kwa dakika 10, watoto wakiwa nje. Kabati lililosukumwa dirishani liondolewe. Feni ya dari ndani ya chumba kilichofungwa haileti hewa mpya, inazungusha ile ile. Feni ya mezani ikielekezwa nje ya dirisha ndiyo inayosaidia.

Shule ikiweza kupata kipimo cha kaboni dayoksaidi, ni kifaa chenye manufaa makubwa. Hewa ya nje ina takribani sehemu 420 kwa milioni. Darasani ikivuka 800, watoto wanavuta sana hewa waliyokwisha kuitoa wenzao. Weka kipimo katikati ya chumba, usawa wa vichwa vyao, mbali na dirisha na mbali na mdomo wa mtu, la sivyo kitadanganya.

Kuhusu baridi: baridi pekee haimpi mtu mafua, virusi ndivyo vinavyompa. Msimu wa baridi na wa mvua huleta mafua kwa sehemu kubwa kwa kuwa watu hujifungia ndani pamoja. Mzazi anayetaka dirisha lifungwe ana hoja moja ya kweli, kwamba mtoto anayetetemeka hasomi. Jibu lake ni sweta, na yule anayekaa dirishani abadilishwe nafasi kila wiki.

Barakoa nitaipa nafasi finyu: mtoto aliyeanza kukohoa, anayesubiri kuchukuliwa, avae iliyofunika pua na mdomo, akae karibu na dirisha au barazani. Ikilowa ibadilishwe. Kuwavalisha wote siku nzima katika umri wa miaka 7 ni kazi ya kupandisha barakoa zilizoteremka kidevuni, na utachoka kabla ya wiki kuisha.

Madawati yawe ya mwisho, lakini yasisahaulike. Virusi vya influenza vinaweza kuishi saa 24 hadi 48 kwenye plastiki na chuma, na muda mfupi zaidi kwenye nguo. Mara moja kwa siku baada ya masomo, futa vinavyoshikwa na wengi: vitasa, mabomba, ukingo wa madawati, vifaa vya kuazimana. Osha kwa sabuni kwanza, kwani uchafu huimaliza nguvu klorini. Kisha tumia dawa ya klorini ya asilimia 0.1. Kama chupa imeandikwa asilimia 5, mililita 20 ndani ya maji kufikia lita 1. Kama ni 3.5, mililita 29 hivi. Paka, acha angalau dakika moja pakiwa pamelowa. Changanya upya kila siku, jua na muda huidhoofisha. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo yenye asidi au amonia, hutoa gesi ya sumu. Na watoto wasikabidhiwe kazi hii.

mfamasia_zamu

Swali la dawa, na hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu madhara huwa makubwa.

Antibiotiki huua bakteria, haziui virusi. Kamasi kugeuka njano au kijani katika siku ya tatu au ya nne ni chembe za kinga za mwili zikifanya kazi, na si kipimo cha bakteria. Mtoto huponea katika siku 7 hadi 10 akinywa au asipokunywa, mzazi akaamini dawa ndiyo iliyomponya, na msimu ujao anarudia. Kinachobaki ni kuhara, vipele, na bakteria sugu. Kinachofaa kumpeleka kwa daktari ni kamasi zinazozidi siku 10 bila nafuu yoyote, sikio linalouma, au homa iliyoondoka kisha ikarudi.

Paracetamol hutolewa kwa uzito wa mtoto, umri hukadiria tu. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 20 kwa kiwango cha juu anapata miligramu 300. Sasa angalia chupa: sirapu zipo za miligramu 120 kwa mililita 5, na zipo za 250 kwa mililita 5. Ya kwanza atakunywa mililita 12.5, ya pili mililita 6. Mzazi akibadilisha chupa bila kusoma, anampa mara mbili ya kipimo au nusu yake. Atumie bomba la kupimia au kikombe kilichokuja na dawa, maana vijiko vya jikoni havilingani. Na zile "dawa za mafua" za mchanganyiko, nyingi tayari zina paracetamol ndani yake. Ukimpa pamoja na sirapu, umemzidishia, na ini ndilo linaloumia.

Aspirini asipewe mtoto mwenye mafua au influenza. Inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ubongo na ini. Dawa za mchanganyiko za kikohozi na mafua kwa walio chini ya miaka 6 ziachwe, faida haijathibitika na madhara yapo.

Vinavyosaidia ni vichache. Asali, kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja, nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja kabla ya kulala, hutuliza kikohozi cha usiku. Chini ya mwaka mmoja ni marufuku, kwa hatari ya botulizimu (sumu ya bakteria inayopoozesha misuli), na hili mwambieni mzazi mwenye mtoto mchanga nyumbani pia. Pua iliyoziba: chemsha maji, yapoe, pima mililita 300, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi bila kilele, tia matone machache kila tundu kabla ya kula na kulala. Tengeneza mapya kila siku. Maji, supu, uji, kidogo kidogo mara nyingi.

Vitamini C kila mtu huiulizia. Ikitumika kila siku hupunguza kidogo muda wa kuugua, lakini kwa watu wa kawaida haizuii mafua yasije, na kuianza baada ya chafya ya kwanza haijaonyesha faida ya kutegemewa. Tunda linatosha. Usingizi una uzito zaidi: miaka 6 hadi 12 ni saa 9 hadi 12 kwa usiku.

mwalimu_wa_pili

Asanteni sana, hasa hiyo ya paracetamol ya alfajiri, imenifumbua macho. Nina nyongeza: mwenye pumu na mwenye selimundu wafanyiwe nini tofauti? Na chanjo ya influenza, wazazi wanasema inaleta ugonjwa wenyewe.

muuguzi_wa_watoto

Mwenye pumu: rinovirusi ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya mashambulizi ya pumu kwa watoto, kwa hiyo mafua "madogo" ya jirani yake kwake si madogo. Pampu ya kinga ya kila siku isisimamishwe kwa sababu anaonekana mzima. Ile ya kufungua kifua, mara nyingi ya bluu, iwe shuleni, yenye jina lake, pamoja na chombo cha plastiki cha kuvutia dawa, na wewe ujue ilipo. Itikise, pampu moja, avute pumzi tano za kawaida, ndipo nyingine. Kosa la kawaida ni kubonyeza mbili kwa mpigo: dawa huishia ukutani mwa chombo. Angalia pia tarehe na kama imeisha, maana pampu tupu bado hutoa mvuke unaodanganya.

Mwenye selimundu akipata homa ya 38 au zaidi aende hospitali siku hiyo hiyo. Hasubiriwi mpaka kesho, na haiitwi "mafua tu". Apewe pia ruhusa ya kunywa maji na kwenda chooni wakati wowote wa kipindi.

Chanjo ya sindano ina virusi vilivyouawa au vipande vyake, haiwezi kumpa mtu influenza. Mkono kuuma na homa ndogo ya siku moja au mbili hutokea. Hutolewa kuanzia miezi 6. Mtoto wa chini ya miaka 9 anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi 2, zikiachana wiki 4 au zaidi, kisha moja kila mwaka, kwa kuwa virusi hubadilika na Shirika la Afya Duniani hupitia mchanganyiko wake mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba. Kinga hujengeka kwa wiki 2 hivi, kwa hiyo itangulie msimu. Haizuii mafua ya kawaida, na hapo ndipo malalamiko ya "alichanjwa na bado anapiga chafya" yanapotoka. Wenye pumu, selimundu, kisukari au ugonjwa wa moyo watangulizwe. Hao pia wakiugua wapelekwe mapema, kwani dawa ya virusi kama oseltamivir hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo.

Dalili za kutosubiri kwa mtoto yeyote: mbavu zinazobonyea anapovuta pumzi, midomo kuwa ya bluu au kijivu, pumzi 30 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia (hesabu dakika nzima, si robo), kutokojoa kwa saa 8, degedege, kuchanganyikiwa, kukataa kutembea kwa maumivu ya misuli, au homa na kikohozi vilivyopoa kisha vikarudi kwa nguvu. Na mahali penye malaria, homa ipimwe malaria hata kama pua inatiririka. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili.

maji_na_usafi

Jambo moja halijaguswa: leso. Leso ya kitambaa inayokaa mfukoni wiki nzima inalowesha mkono kila akiishika. Wawe na mbili kwa siku, na mfuko mdogo wa plastiki wa kutia iliyotumika, ifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani jioni ile ile. Karatasi laini ni bora zaidi, ikiwa kuna pipa lenye mfuniko wa kukanyaga karibu na mlango. Pipa likiwa mwisho wa darasa, karatasi huishia chini ya dawati. Asiyekuwa na chochote akohoe ndani ya kiwiko, na mfundishe kupenga tundu moja moja, kwa upole. Akipenga yote mawili kwa nguvu, kamasi husukumwa kuelekea masikioni.